Kuganda bila Kujipanga

Miaka sita ya ujana wangu niliitumia katika kuchungua kitu kimoja kidogo kiasi cha punje ya kunde. Kitu chenyewe ni fuwele, na fuwele ni jiwe ambalo chembe zake zimekaa kwa safu na vipimo vilivyo sawa, kama viti vya ukumbini. Iliumbwa kwa kazi ya mikono: kadimiamu, teluriamu na manganizi viliyeyushwa pamoja ndani ya mrija uliozibwa, kisha mrija ukashushwa polepole kutoka penye moto mkali mpaka penye moto hafifu, hata yaliyoyeyuka yakaganda kwa taratibu. Mtu asiyeijua akiiona juu ya meza hataiinamia. Huonekana nyeusi, na kingo zake hung'aa kidogo kama makaa mapya. Walakini ikikingwa mbele ya taa hugeuka nyekundu kama maji ya choya. Fuwele ya kadimiamu na teluriamu peke yake haipitishi nuru yoyote ya macho yetu. Manganizi ndiyo inayoifungulia dirisha. Katika fuwele yangu, kati ya kila viti 100 ambavyo vingekuwa vya kadimiamu, 40 vilikaliwa na manganizi.

Mambo haya aghalabu husemwa kwa lugha za wageni, na mimi mwenyewe, kama wengi wa rika langu, niliyasoma kwa Kiingereza tangu shule. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ambayo si kubwa kwa ulimwengu, lakini kwangu ni nzito. Nauli yangu ya kwanza ya kwenda Ulaya ilitoka katika minazi. Mjomba wangu wa Pangani aliuza kipande cha shamba, minazi 37 yenye kuzaa, ili niende nikasome. Mtu aliyeuza minazi yake ana haki ya kuuliza amenunua nini, na swali lake halijibiwi kwa cheti kilichotundikwa ukutani.

Nianze na mshale. Kila atomu ya manganizi katika fuwele hii ina elektroni tano ambazo zote huelekeza usumaku wao upande mmoja, hata atomu nzima ikawa kama sumaku ndogo mno. Wanafizikia huuita usumaku huo spini. Mimi nitasema mshale, kwa kuwa lililo muhimu hapa ni upande unaoelekewa. Katika kipande cha chuma kilichofanywa sumaku, mishale hupenda kukubaliana. Husimama kama safu za waumini walioelekea kibla kimoja, na nguvu zao zikijumlishwa ndipo sumaku inapoweza kuinua msumari. Manganizi katika fuwele yangu ina tabia nyingine. Atomu mbili zikiwa jirani, na kati yao pakawa na atomu ya teluriamu ya kupeleka habari, kila moja hupenda kumpa mwenziwe kisogo. Mmoja akielekea juu, wa pili huelekea chini. Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mishale miwili ya namna hii hukaa zizi moja kwa amani kamili, maadamu kila mmoja amegeukia ukuta wake.

Taabu huanza anapoingia wa tatu. Marehemu shangazi yangu alikuwa akitunga bangili za ushanga, mweupe na mweusi kwa zamu, na alijua bila ya kusoma hesabu kwamba shanga zikiwa 20 au 22 bangili hufunga vizuri. Zikiwa 21, basi mahali fulani weupe wawili watakutana, au weusi wawili. Doa hilo unaweza kulihamisha. Badili rangi ya ushanga mmoja penye doa, nalo litasogea hatua moja. Badili wa pili, litasogea tena. Utalizungusha bangili nzima na kurudi ulikoanza, lakini hutalitoa nje. Nilipokuwa mtoto nilidhani kwamba mzee yule anatania. Siku moja alinipa uzi na shanga 21 akaniambia nifunge bangili bila ya doa, akaenda zake sokoni. Aliporudi alinikuta nimekwisha kujaribu njia nyingi, na zote ni sawa kwa ubaya. Sasa najua kwamba njia za kufunga bangili ile kwa doa moja tu ni 42, na hapana hata moja iliyo bora kuliko nyingine.

Duara dogo kuliko yote ya namna hiyo ni la watatu. Weka mishale mitatu katika pembe tatu, kila mmoja akitaka kuwapa visogo wenziwe wawili. Wa kwanza ataelekea juu na wa pili chini. Wa tatu je? Akielekea juu atamchukiza wa kwanza, akielekea chini atamchukiza wa pili. Katika fuwele yangu kila kiti kina majirani 12 wa karibu, na majirani hao wenyewe kwa wenyewe ni majirani, hata pembe tatu zikawa kila upande unakogeukia. Mwaka 1977 Mfaransa Gérard Toulouse aliipa hali hii jina ambalo kwa lugha yake na kwa Kiingereza lina maana ya mtu aliyekosa kutimiziwa haja. Nimesikia watu wakipendekeza kwa Kiswahili maneno kama fadhaa na kihoro. Siyapendi. Hayo ni maneno ya moyo, na mshale hauna moyo. Mimi husema mkwamo. Jahazi likikwama mchangani hapana aliyevunjika moyo; liko pale kwa sababu ya umbo la pwani na kiasi cha maji.

Mkwamo peke yake, hata hivyo, hauleti hali ninayotaka kuieleza. Kama manganizi ingalijaa katika viti vingi, mishale ingalitafuta mapatano fulani ya jumla, kila mmoja akapoteza kidogo kwa utaratibu unaojulikana. Jambo la pili linalohitajiwa ni bahati nasibu. Fikiri juu ya bao. Mashimo yake yamechongwa barabara, safu kwa safu. Sasa mtu aliyefumba macho atawanye kete humo, nyingine ziingie na nyingine zisiingie. Mashimo yamepangika, kete zimetapakaa. Hivyo ndivyo manganizi ilivyokaa kati ya kadimiamu, kwa kuwa kadimiamu haina mshale na kiti chake ni kama shimo tupu. Mshale mmoja utakuwa na majirani saba, mwingine wawili, mwingine atakuwa peke yake kabisa. Kwa wastani ni karibu watano, lakini wastani hausaidii. Hapana mahali pawili panapofanana, na kila mahali pana shauri lake.

Katika joto la kawaida mishale hii hutikisika na kugeuka pasipo kituo. Ikipozwa hupunguza wendo. Inapofika karibu na nyuzi 12 za Kelvin, yaani nyuzi 261 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, husimama. Husimama kila mmoja alipo, huyu ameelekea huku na yule kule, na ukitafuta mtindo wa jumla katika kuelekea kwao hutauona. Baridi imewakamata kabla hawajaafikiana.

Jina la hali hii katika vitabu ni glasi ya spini, nalo linatokana na Bryan Coles wa London. Alifananisha na glasi kwa sababu glasi nayo ni mchanga ulioyeyushwa ukapoa, na chembe zake zikakamatwa bila ya kujipanga kwa safu. Mfano wake ni mzuri kwa Mwingereza. Kwetu una taabu. Ukisema kioo, msikilizaji atauona uso wake. Ukisema glasi, atatafuta maji ya kunywa. Hapana neno katika hayo mawili linalomwambia kwamba habari yenyewe ni ya kupoa pasipo kujipanga. Na tazama jinsi lugha yetu ilivyo tajiri mahali pengine. Tuna kuganda. Maji huganda yakawa barafu, na chembe zake hujipanga. Mafuta ya nazi huganda asubuhi za kipupwe hata chupa ikapinduliwa yasitoke. Damu huganda penye jeraha, na hapo hapana safu wala mpango. Maziwa huganda katika kibuyu. Na mtu aliyesimama mlangoni, asiingie wala asitoke, twasema ameganda. Kwa hiyo napendekeza mgando wa spini, na kama wenye kamusi watanikatalia sitagombana nao, illa nitaendelea kulitumia darasani.

Jambo lenyewe halikuonekana kwanza katika fuwele za namna yangu. Lilionekana katika madini. Mwaka 1972 Cannella na Mydosh walichukua dhahabu yenye chuma kidogo ndani yake, wakaipoza na kupima jinsi inavyoitikia sumaku dhaifu inayogeuzwa huku na huku. Mchoro wao ulipanda, ukafanya kilele kikali kama ncha ya paa la makuti, ukashuka. Kilele kikali maana yake ni kwamba kuna jambo limetokea kwa mara moja, nalo halikutarajiwa katika mchanganyiko ulio vurugu vile. Mwaka 1975 Sam Edwards na Philip Anderson walitoa nadharia ya kwanza ya kulieleza. Wazo lao lilikuwa rahisi, na mimi huliona kuwa zuri kuliko mengi yaliyofuata: usiulize mishale imeelekea wapi kwa jumla, kwa kuwa jumla ni sifuri, muulize kila mshale mmoja mmoja kama bado umeelekea ulikokuwa umeelekea zamani.

Katika dhahabu na shaba mishale husemezana kwa njia ya elektroni zinazotembea, na maneno ya elektroni hizo hugeuka kwa umbali: hapa husema kubalianeni, mbele kidogo husema kataaneni. Ni kama habari ya sokoni, ambayo kila hatua kumi huwa kinyume cha ilivyokuwa. Kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba vurugu ya mishale hutokana na vurugu ya wajumbe. Semikondakta zenye manganizi ndizo zilizoondoa dhana hiyo. Semikondakta ni kitu kisichopitisha umeme kama shaba wala kisichouzuia kama ubao mkavu. Redio na simu zetu zote zimejengwa juu yake. Fuwele za aina hii, zilizotiwa atomu zenye mishale, zilichunguzwa sana mjini Warszawa, Poland, tangu miaka ya 1970. Mwaka 1980 Robert Gałązka wa mji huo, akishirikiana na Nagata na Keesom katika Marekani, alitangaza vipimo vya kadimiamu, manganizi na teluriamu. Waliona sehemu tatu. Manganizi ikiwa chini ya 17 katika 100, mishale iliendelea kutikisika katika baridi waliyoweza kuifikia. Kati ya 17 na 60 iliganda bila ya mpango. Kupita 60 ilianza kujipanga kwa zamu, juu na chini. Baadaye watu waliofika penye baridi kali zaidi waliona kwamba hata chini ya 17 mgando upo, ila huchelewa.

Uzito wa habari hii ni kwamba katika fuwele hizi hapana elektroni za kutembea zinazotosha kuleta maneno ya kugeuka-geuka. Kila jirani humwambia jirani neno moja tu, na neno hilo ni lile lile: nipe kisogo. Na bado vurugu ikatokea. Umbo la zizi na bahati ya viti vilitosha.

Sasa nifike kwenye usiku. Fuwele hupozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kuwa maji, na heliamu hiyo ni ghali na haikai. Leo ipo, kesho imeruka. Ndiyo sababu kazi ikianza haisimamishwi kwa ajili ya usingizi. Mimi nilifanya kazi katika ghorofa ya chini ya jengo moja la Ulaya ya kaskazini, ambako majira ya baridi nilikuwa nikiingia kabla ya jua kuchomoza na kutoka baada ya kuzama. Kipimo cha kwanza ambacho kila mwanafunzi hufanya ni hiki. Ipoze fuwele pasipo sumaku ya nje, kisha washa sumaku dhaifu na upime huku ukiipasha moto kidogo kidogo. Halafu rudia, lakini safari hii ipoze sumaku ikiwa imewashwa. Juu ya nyuzi 12 michoro miwili ni mmoja. Chini yake huachana. Fuwele ni ile ile, baridi ni ile ile, sumaku ni ile ile. Kilichobadilika ni njia iliyopitiwa kufika hapo. Mimi nilizoea kufikiri kwamba maji yaliyo katika nyuzi 30 ni maji ya nyuzi 30, yawe yalitoka kisimani au juani. Hapa nilikuwa na kitu ambacho hakitoshi kuulizwa kiko wapi, ila lazima kiulizwe kimepita wapi.

Kipimo cha pili kilinishika zaidi, nacho kiligunduliwa na Lundgren na wenzake wa Uppsala, Uswidi, mwaka 1983, katika shaba yenye manganizi. Ipoze fuwele upesi mpaka chini ya kiwango cha kuganda, kisha usifanye lolote. Ngoja. Ngoja sekunde 100, au 1,000, au 10,000. Kisha washa sumaku dhaifu na utazame mishale ikigeuka polepole kuifuata. Hugeuka kwa muda mrefu mno, lakini mchoro wake hupinda mahali fulani, na mahali pale panalingana na muda uliongoja. Ukingoja sekunde 1,000, mpindo huja karibu na sekunde ya 1,000. Ukingoja 10,000, huja karibu na 10,000. Katika muda ule wa kungoja hapana kitu kilichoguswa. Fuwele haikuongezeka uzito, haikubadilika rangi, na kipimajoto hakikutikisika. Walakini ndani yake mishale ilikuwa ikisogea, kikundi hiki kikipatana na kile, doa hili likihamia pale, na kazi hiyo isiyoonekana ikawa imeandikwa. Wanafizikia husema fuwele imezeeka. Neno hilo nalikubali bila ya kulibadili.

Habari ya kifo cha shangazi ilinifikia katika kungoja kwa namna hiyo. Nilikuwa nimekwisha kuipoza fuwele hadi nyuzi 10, na sekunde 10,000 zilikuwa zimeanza kuhesabiwa, nazo ni karibu saa tatu kasorobo. Binamu yangu alipiga simu. Maziko yalikuwa alasiri ile ile, kama ilivyo desturi yetu, na hapana ndege ambayo ingenifikisha. Nilisoma yale yasomwayo, nikakaa. Hapakuwa na jambo lingine la kufanya katika chumba kile, wala mtu wa kupeana naye mkono. Saa ilipotimia niliwasha sumaku, na mchoro ukapinda pale pale ulipopaswa kupinda. Umo katika tasnifu yangu, sura ya nne, kati ya michoro mingine inayofanana nao, na hapana alama yoyote juu yake.

Mwaka 1998 watu wa Uppsala na wa Saclay, Ufaransa, wakitumia fuwele nyingine isiyopitisha umeme kama madini, walionyesha jambo la ajabu kupita hilo. Waliipoza fuwele, wakatua kwa muda katika kiwango kimoja cha baridi, kisha wakaendelea kushuka. Baridi ilipozidi, fuwele ilionekana kama imesahau kituo kile na kuanza ujana upya. Lakini walipoipasha moto tena pasipo kutua popote, ilipopita katika kiwango kile kile mchoro ulibonyea, kana kwamba msafiri amerudi kwa njia aliyokwendea na kupunguza mwendo penye mti aliopumzikia. Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi kuliko ilivyohitajiwa na kazi yangu.

Kuhusu maana ya haya yote wataalamu hawajapatana, na hapa nitapita upesi kwa kuwa ugomvi wao una hesabu nyingi. Mwaka 1975 Sherrington na Kirkpatrick walibuni mfano wa mgando ambamo kila mshale ni jirani wa kila mshale. Mwaka 1979 Mtaliana Giorgio Parisi alianza kutoa jibu lake, na jibu hilo lilisema kwamba mishale ina mabonde mengi yasiyohesabika ya kutulia, na mabonde yamo ndani ya mabonde, kama matawi ya ukoo. Wanahesabu walichukua zaidi ya miaka 20 kuthibitisha kwamba alisema kweli; aliyekamilisha ni Michel Talagrand, na Parisi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ila fuwele halisi haina ujirani wa wote kwa wote. Daniel Fisher na David Huse, katika miaka ya 1980, walishikilia kwamba katika fuwele halisi kuna bonde moja tu na pacha wake, na uzee wake ni kukua polepole kwa vikundi vilivyopatana. Ubishi huo haujakatwa. Mimi nimeona vipimo vikitumiwa na pande zote mbili kwa uhakika ule ule.

Mjomba aliuliza swali lake mwaka niliorudi, barazani, baada ya swala ya isha, mbele ya wazee wawili. "Mwanangu," alisema, "jiwe hilo linafanya nini?"

Yako majibu ambayo wanafizikia huyatoa wanapoomba fedha, nami nayajua kwa moyo. Nilimwambia lililo kweli katika hayo. Fuwele ya kadimiamu, manganizi na teluriamu ikiwekwa katika sumaku huzungusha mtikiso wa nuru kuliko vitu vingi, na kwa hiyo hufanywa mlango wa nuru ya leza, ambao nuru hupita kwenda lakini haipiti kurudi. Hiyo ni kazi halali, na inauzwa. Illa mlango huo hufanya kazi katika joto la chumbani, ambako mishale haijaganda. Mgando hauna sehemu humo. Nilimwambia pia kwamba hesabu za mgando zilitoka katika mawe zikaenda kwingine. John Hopfield, mwaka 1982, alieleza kumbukumbu kwa mishale inayovutana na kutulia katika mabonde, na wazo hilo ni moja katika mizizi ya mashine zinazojifunza, ambazo kwazo alipewa Nobel mwaka 2024 pamoja na Geoffrey Hinton. Hapo wazee wote watatu walitikisa vichwa kwa heshima, na mimi nikaona haya, kwa sababu mimi sikuwa na mkono katika hilo. Kuna tabia katika elimu ya siku hizi ya kila mtu kujipatia haki ya kivuli cha mti uliopandwa na mwingine. Nimeiona pia katika semikondakta za sumaku: baada ya Hideo Ohno wa Japani kuonyesha mwaka 1996 galiamu, aseniki na manganizi ikiwa sumaku kamili katika baridi, ziliahidiwa kompyuta za spini katika kila nyumba, na fuwele ile haikupita nyuzi 200 za Kelvin au karibu yake, ambayo ni baridi kuliko barafu ya kawaida. Kazi ilikuwa njema. Ahadi ndizo zilizozidi.

Basi nikaacha faida nikamweleza habari ya watatu. Nilimwambia juu ya ushanga wa dada yake. Hapo mjomba alijiweka sawa kitini.

"Hao watatu," akauliza, "nani huwaamua?"

"Hapana kadhi, Mjomba. Kuna baridi tu."

"Na baridi ikiwakamata wamekwisha?"

"Hawaishi. Husogea kidogo kidogo. Ukikaa mwaka utawakuta wamesogea, ukikaa kumi utawakuta wanasogea."

"Basi hao ni warithi," akasema, na wenziwe wakacheka, kwa sababu shamba alilokata kipande chake kwa ajili yangu lilikuwa na shauri kati ya ndugu watatu tangu kabla sijazaliwa, na lilikuwa nalo hata siku ile. Niliitoa fuwele. Nilikuwa nimepewa kipande kilichopasuka, na hukiweka katika kichupa kilichofungwa kwa kuwa kadimiamu ni sumu. Alikikinga na taa ya barazani akafumba jicho moja, akakitazama kwa kitambo. Kisha akaniuliza kama chumvi ya bahari itakiharibu. Kuhusu minazi hakusema neno, siku ile wala baadaye, wala mimi sikumwomba aseme.

Sasa nafundisha. Somo la sumaku halifiki mbali hivi katika mtaala, lakini kila mwaka, muda ukibaki, huwapa wanafunzi ushanga 21 na uzi. Mwaka jana msichana mmoja, baada ya kulihamisha doa mpaka akachoka, aliuliza: "Mwalimu, kwani lazima rangi ziwe mbili?" Sijapata kuulizwa swali bora. Maana mshale wa manganizi si wa juu na chini tu. Waweza kuelekea upande wowote. Watatu wakiwa katika pembe tatu hawamwachi mmoja achukue hasara yote. Kila mmoja hugeuka theluthi ya duara kutoka kwa mwenziwe, na kila jozi hupata nusu ya ilichokitaka. Nilimchorea ubaoni. Aliutazama mchoro, akauliza wanne je, kama wamekaa katika pembe nne za piramidi, kila mmoja jirani wa wote? Nikamwambia kwamba kwa wanne sharti ni moja tu, mishale yao ikijumlishwa iwe si kitu, na njia za kulitimiza hazina mwisho. Hakuniamini. Alikata vijiti vinne vya chelewa kutoka katika ufagio wa darasa, vyote kwa urefu mmoja, akaanza kuviunganisha kichwa kwa mkia ili arudi alikoanzia, kwanza mezani, kisha hewani, akishika maungio kwa vidole na wenziwe wakimsaidia. Kengele ilipolia alikuwa amepata njia saba, na alikuwa akitafuta ya nane.